Swali la lugha: Mshale uelekee kwa sangara au kwa dagaa?

SWALI: Mimi ni mwalimu wa sayansi katika shule ya msingi kando ya Ziwa Victoria, upande wa Mwanza. Niliwaambia wanafunzi wachore mnyororo wa chakula wa ziwani. Zaidi ya nusu yao wakachora mshale unaotoka kwa sangara kwenda kwa dagaa. Nilipowauliza, wakanijibu: "Mwalimu, si sangara ndiye anayemla dagaa?" Je, kosa hapa ni la sayansi au la Kiswahili? Tena, kuna mahali nasoma "mzunguko wa nishati" na kwingine "mtiririko wa nishati". Lipi sahihi?

JIBU: Mwalimu, wanafunzi wako Kiswahili wanakijua. Sentensi waliyoichora ndiyo isiyofaa kwa kazi hiyo.

Katika "sangara humla dagaa", mtenda ametangulia na mtendwa amefuata, na mtoto akichora huufuata mdomo: unatoka kwa sangara, unamwendea dagaa. Lakini mchoro wa sayansi hauulizi mdomo umekwenda wapi. Unauliza chakula, pamoja na nishati iliyomo, kimeingia mwilini mwa nani. Nishati ilikuwa kwa dagaa, sasa iko kwa sangara. Kwa hiyo mshale utoke kwa dagaa.

Njia rahisi ya kuigeuza sentensi ni kauli ya kutendwa: mwani huliwa na viumbe vidogo vinavyoelea majini, viumbe hivyo huliwa na dagaa, dagaa huliwa na sangara, sangara huliwa na binadamu. Hapo mpangilio wa maneno na mpangilio wa mishale ni mmoja. Hata hivyo mimi napenda zaidi kauli ya kutendesha. Kutoka -la tunapata -lisha, na neno hilo ndilo hasa maana ya mshale. Waambie watoto waweke kidole juu ya mshale na kutamka "hulisha": mwani hulisha viumbe vidogo, viumbe vidogo humlisha dagaa, dagaa humlisha sangara. Mtoto aliyeelekeza mshale kwa dagaa atajikuta anasoma "sangara humlisha dagaa", na atalisikia kosa mwenyewe kabla hujalisema.

Kuna atakayepinga kwamba kulisha ni tendo la hiari, kama mama anavyomlisha mwanawe au mchungaji anavyolisha mbuzi, na dagaa hana hiari mbele ya sangara. Lakini husemi pia kwamba shamba hili limeilisha familia miaka mingi? Shamba halina hiari. Maana ya neno inafika huko bila kulazimishwa.

Nikiwa hapo hapo kwenye -la, nitaje kosa ninalolikuta kila mara katika madaftari: "nyumbu hukula nyasi". Sanifu ni "hula". Ile ku- huonekana katika "anakula" na "atakula" kwa sababu mzizi ni wa silabi moja na unahitaji kushikiliwa, lakini hu- haiihitaji. Kikiingia kiambishi cha mtendwa, kama -m-, ku- huondoka pia: "anamla", si "anakumla". Na katika sayansi hu- ndiyo pahali pake, kwa kuwa unaeleza tabia ya siku zote. "Sangara anamla dagaa" ni habari ya huyu unayemwona sasa.

Tuje kwenye mzunguko na mtiririko. Hapa naomba uwe mkali kabisa, kwa maana neno moja likikosewa linafundisha sayansi ya uongo. Kinachozunguka kinarudi kilipoanzia. Virutubisho, kama fosforasi na naitrojeni, huzunguka kweli: vilikuwa ndani ya mwani, vikaingia kwa samaki, samaki akafa akaoza, vikarudi majini kuutumikia mwani mwingine. Nishati hairudi. Inaingia kama mwanga wa jua, inapita mwili mmoja hadi mwingine, na kila hatua sehemu kubwa inatoka kama joto. Hakuna mwani unaoweza kulikusanya joto hilo na kutengenezea chakula. Basi sema "mzunguko wa virutubisho" na "mtiririko wa nishati", usivibadilishane. Wahenga walisema mla ni mla leo, mla jana kala nini? Walikuwa na mambo mengine moyoni, lakini watoto wakiisikia methali hiyo katika somo hili wataelewa kwa nini dagaa wa jana hamtoshi sangara leo. Nishati aliyoila jana ameiogelea, imekwisha kutoka.

Hutoka kiasi gani? Mwaka 1942 mwanaikolojia Mmarekani Raymond Lindeman alichapishiwa utafiti wa ziwa dogo la Minnesota, Cedar Bog Lake, akihesabu nishati ngazi kwa ngazi. Alikuwa amefariki miezi michache kabla, akiwa na miaka 26. Katika njia hiyo aliyoifungua ndimo ilimotoka kanuni ya shuleni kwamba takriban asilimia 10 tu ya nishati ya ngazi moja hufika ngazi inayofuata. Ni wastani, si sheria; kuna mahali hupungua na mahali huzidi. Kwa mfano, mwani ukiwa na kilojuli 10,000, viumbe vidogo hupata kama 1,000, dagaa 100, sangara 10. Ndiyo maana dagaa ziwani hawahesabiki, na sangara mkubwa ni wa kusubiriwa.

Vitabu husema nishati nyingine "hupotea", na walimu wengine huogopa neno hilo, wakidhani linapingana na kanuni kwamba nishati haiangamii. Usiliogope. Mbuzi aliyepotea yupo mahali fulani, ila hayupo zizini kwako. Nishati iliyopotea nayo ipo, imo katika joto. Kosa lingekuwa kusema "huangamia" au "huteketea".

Neno "mnyororo" halina ubaya, nami nalipendelea kuliko "mlolongo wa chakula", ambalo mtu akilisikia barabarani anafikiria foleni ya kugawiwa ugali. Lakini mnyororo una udhaifu: pete moja ikikatika, wote umekatika. Ziwa lako lenyewe linakataa picha hiyo. Sangara aliletwa Ziwa Victoria miaka ya 1950 na 1960, na kufikia miaka ya 1980 furu, samaki wadogo wa mamia ya spishi aliokuwa akiwala sana, walikuwa wameporomoka vibaya. Je, sangara alikufa njaa? Hapana. Alihamia kwa uduvi, kwa dagaa, na hata kwa watoto wa sangara wenzake. Nenda mwaloni, wanaposhushia samaki, asubuhi sangara wanapopasuliwa, uangalie tumboni: utakuta uduvi wa kutosha kiganja kizima, dagaa wawili watatu, na pengine kisangara cha urefu wa kidole. Hilo halichoreki kwa mstari mmoja. Liite "utando wa chakula". Wengine huandika "mtandao wa chakula", na si kosa, ila siku hizi mtoto akisikia "mtandao" anafikiria simu. Utando ni ule wa buibui, anaufahamu tangu nyumbani.

Wanafunzi wakikutana na vitabu vya Kenya, wataona "kawi" panapoandikwa "nishati" kwetu. Ni kitu kile kile.

Mwisho, usiwasahau bakteria na kuvu chini kwenye tope. Nimewaona wakiitwa "waozaji". Kuoza ni kwa samaki aliyekufa. Hawa humfanya aoze, kwa hiyo ni "viozeshaji". Katika mchoro, kila kiumbe kitoe mshale wa kwenda kwao, maana kila kiumbe huwalisha siku yake ikifika. Kisha chora mshale mmoja kutoka kwao kurudi kwenye mwani, kwa chaki ya rangi nyingine. Huo usisomwe "hulisha nishati". Usomwe "hurudisha virutubisho". Na jua lichorwe juu, likitoa mshale mmoja tu, bila hata mmoja wa kulirudia.