Maswali yenu: sokwe, nyuki na mume mwenye visingizio

Sokwe wa Gombe waliuana. Je, vita viko damuni mwetu? (Msomaji, Kigoma)

Waliuana kweli. Kundi la Kasakela liligawanyika, wachache wakahamia bonde la Kahama (si ule mji wa Shinyanga), na kati ya 1974 na 1978 wenzao wa zamani wakawawinda mmoja mmoja hadi madume wa Kahama wakaisha. Mtafiti wa sokwe Jane Goodall, aliyefika Gombe mwaka 1960, alikuwa amedhani sokwe ni wapole kuliko sisi. Wako waliolaumu ndizi alizokuwa akiwagawia, lakini utafiti wa 2014 uliojumuisha jamii 18 za sokwe uliona kuingiliwa na binadamu si maelezo ya kutosha.

Ila kusini mwa Mto Kongo wanaishi bonobo, jamaa wa karibu wa sokwe, ambao undugu wao na sisi ni uleule wa sokwe. Katika utafiti huohuo walishukiwa kwa kifo kimoja tu. Mpenda vita humwita sokwe awe shahidi, mpenda amani humwita bonobo. Wote ni binamu zetu, si babu zetu.

Mume wangu anasema mwanamume hakuumbwa kutosheka na mmoja, eti ni sayansi.

Muulize mbona anapiga mswaki, ilhali meno kuoza ni asili. Mwanafalsafa Mskoti David Hume aliliona hili tangu karne ya 18: watu huanza na “ndivyo ilivyo”, halafu ghafla wako kwenye “ndivyo inavyopasa”, na daraja la kuvukia hawalionyeshi. Akiendelea kubisha, muulize kama asili hiyo imekuruhusu na wewe.

Mtoto wa nyoka ni nyoka? Mchumba wangu babake alifungwa kwa wizi.

Hakuna jeni ya wizi. Wepesi wa hasira au papara huweza kurithiwa kwa kiasi fulani, lakini mwenye papara anaweza kuwa mwizi au zimamoto. Mchunguze mchumba, mwache mkwe.

Nyuki hufa akishakuuma. Huo si wema?

Mwanabiolojia W. D. Hamilton aliupigia wema huo hesabu mwaka 1964. Nyuki vibarua wa baba mmoja hushiriki wastani wa robo tatu ya jeni zao, hivyo anayekufa akiulinda mzinga huacha nyuma jeni zilezile kwa dada zake. Nyuki mwenyewe hajui hata chembe ya hesabu hiyo. Wala mama anayeamka saa nane za usiku kunyonyesha haijui, na usingizi anaoukosa ni wake kabisa.