Jibu: Darasa la kwanza wanafuma tu, kusoma lini?

Dada, umeuliza kama mwanao atabaki nyuma kwa kuwa shule ya Steiner, yaani inayofuata mfumo wa elimu wa Rudolf Steiner, wanamfundisha kufuma na kufinyanga nta. Kusoma atasoma, ila rasmi huanza karibu na miaka 7, na herufi hutoka kwenye hadithi na michoro. Hapa Moshi, mwambie achore Kibo na Mawenzi, vilele viwili na bonde katikati: M hiyo hapo!

Kufuma usikudharau. Anahesabu vitanzi, mikono yote miwili inafanya kazi, akiruka kimoja anafumua na kurudia mwenyewe. Hesabu hiyo, na subira ndani yake. Kisha kuna somo kuu la asubuhi: mada moja wiki 3 hadi 4, na daftari lake analiandika na kulipamba mwenyewe. Ndivyo wanavyofanya tangu shule ya kwanza, Stuttgart, Ujerumani, mwaka 1919, iliyofunguliwa kwa watoto wa wafanyakazi wa kiwanda cha sigara.

Ila ukifikiria kumhamishia shule ya serikali, ongea na mwalimu wake mapema. Kule KKK (kusoma, kuandika na kuhesabu) wanaianza mapema, na darasa la nne kuna upimaji wa kitaifa.