Maswali ya Wasomaji: Mkondo Uliopungua kwenye Kiungo cha Josephson

SWALI: Ndugu wahariri, nina kiungo cha Josephson, yaani supakondakta mbili (metali zinazopitisha umeme bila ukinzani zikiwa baridi sana) zilizotenganishwa na tabaka jembamba la oksidi: niobiamu, oksidi ya alumini na niobiamu, mraba wa mikromita 10 kwa 10. Nakipima ndani ya heliamu ya kimiminika, kelvini 4.2. Ukinzani wake juu ya milivolti 3 ni omu 10. Jana mkondo wa upeo, yaani ule unaopita bila volti yoyote, ulikuwa mikroampea 170. Leo ni 60, na kona ya mchoro wa mkondo na volti iliyokuwa kali imeviringika. Kimeungua?

JIBU: Tazama kwanza mruko wa milivolti 2.8, pale mkondo unapopanda ghafla. Kama bado umesimama wima palepale, tabaka la oksidi ni zima. Oksidi ikitoboka, mkondo huanza kuvuja kwa wingi chini ya milivolti 2, nawe hutaji dalili hiyo. Kilichoguswa ni mstari wa volti sifuri peke yake, na huo hudhurika kwa kitu kidogo sana.

Jozi za elektroni za kila upande huenda kama wimbi moja, na mkondo unaopenya oksidi hufuata sini ya tofauti ya awamu (wimbi moja limetangulia jingine kwa kiasi gani) kati ya mawimbi hayo mawili. Ndivyo Brian Josephson alivyokokotoa mwaka 1962. Uga wa sumaku ukiingia, tofauti hiyo hubadilika toka ukingo hadi ukingo: huku mkondo unakwenda, kule unarudi, na jumla inapungua. Kwenye niobiamu sumaku hupenya kama nanomita 90 kila upande, hivyo kwa kiungo chako militesla 1.15 zinatosha kuufuta mkondo wote. Uga wa dunia, kama mikrotesla 50, hauna ubavu huo. Mshukiwa ni vizingo vya sumaku, yaani nyuzi ndogo za uga zilizozungukwa na mkondo, vilivyonaswa ndani ya niobiamu wakati wa kupoza, au skrubu ya chuma iliyo karibu.

Kuwatenganisha ni rahisi. Zima mkondo, inua sampuli juu ya heliamu ifike kelvini 15 (niobiamu huacha usupakondakta kwenye 9.2), kisha ishushe polepole. Kila upozaji ukikupa namba tofauti, ni vizingo: funika sampuli kwa ngao ya sumaku, wala usipoze huku mkondo ukipita. Namba mbovu ikirudi ileile, chanzo kimekaa mahali. Badilisha skrubu ziwe za shaba nyeupe na ukague viunganishi vilivyopakwa nikeli. Ni ajabu mara ngapi mkosaji huwa skrubu.

Kona kuviringika ni kesi nyingine. Joto la kelvini 4.2 lenyewe huleta kelele (mtikisiko ovyo wa mkondo) ya mikroampea 0.18 tu, ambayo mbele ya 170 si kitu. Kelele yako inashuka na nyaya kutoka kwenye joto la chumba. Tumia nyaya nne, mbili za mkondo na mbili za volti, kila jozi ikiwa imesokotwa. Kwenye kila waya weka rezista ya kiloomu 1 na kapasita ya nanofaradi 10 kwenda ardhini. Chujio hilo hukata kuanzia kilohezi 16 hivi. Lisha saketi kwa betri. Simu nayo itoke chumbani: mawimbi ya megahezi 900 huzaa ngazi kwenye mchoro, kila moja ya mikrovolti 1.9, ndogo mno kwa osiloskopu ya kawaida, nazo huonekana kama kona butu.

SWALI: Nikipunguza mkondo, mbona volti hairudi sifuri ilikotokea?

JIBU: Kiungo ni kapasita pia, kwa ukubwa huo kama pikofaradi 5, na kikishaanza kuyumba hakitulii upesi. Kwa mikroampea 170, rezista ya omu 0.6 sambamba nacho, iliyotengenezwa juu ya chipu yenyewe, inatosha kuondoa tabia hiyo. Ukiiunganisha kwa waya mrefu, mviringo wa waya huongeza indaktansi (ukaidi wa waya kwa mkondo unaobadilika haraka) na kwa masafa ya juu rezista ni kama haipo.