Wadogo zetu wa kamati ya misaada, yaondoeni yale maboksi mapokezini

Kila janga kubwa linapotangazwa, kesho yake asubuhi maboksi huwa yameshapangwa mapokezini. Juu yake imebandikwa karatasi: "Leteni nguo, viatu, dawa, maji. Mwisho Ijumaa." Barua pepe imeshawafikia wafanyakazi wote, mkurugenzi ameshajibu kwamba anaunga mkono, na katika pilikapilika zote hizo hakuna aliyelipigia simu shirika litakalovipokea vitu hivyo. Tunawatazama, wadogo zetu, na roho inatuuma. Moyo mlio nao ni uleule uliotuingiza na sisi kwenye kamati hizi. Kosa nalo ni lilelile.

Fomu ya likizo ya kujitolea na utaratibu wa kuchangia kwa makato ya mshahara mnavijua, kwa hiyo hatuanzii huko.

1. Simu kwanza, tangazo baadaye. Muulizeni anayepokea mambo manne: mnahitaji nini, kiasi gani, kabla ya tarehe gani, na nani atakayeupokea mzigo siku ukifika. Akisema "tutumieni fedha", mwaminini.

2. Maboksi. Hapa tutakaa, maana hili ndilo kosa letu kubwa, sisi tuliowatangulia, na tulilirudia huku tukipigiana makofi.

Litazameni boksi moja linavyojaa. Juu kuna koti zito la baridi. Chini yake viatu vya visigino virefu, kimoja hakina mwenzake. Kuna chupa ya dawa ya kikohozi iliyokwisha kufunguliwa, na makopo ya chakula yaliyobakiza miezi miwili. Kila aliyetumbukiza kitu alikuwa na nia njema. Lakini boksi la namna hiyo haligawiki mpaka lifunguliwe na kuchambuliwa kwa mkono, kitu kimoja kimoja, na anayelichambua ni mtu ambaye saa hiyo alitakiwa awe anagawa maji au anaandikisha familia zilizohama. Ghala nalo lina mipaka yake: palipo na mlima wa nguo mchanganyiko hapawekeki mahema na maturubai yaliyoombwa.

Na hapo mzigo umeshafika. Kabla ya kufika, kama unavuka mpaka, kuna forodha. Mzigo wa msaada unataka jina la mpokeaji aliyekubali kuupokea, orodha ya vifurushi inayoonyesha idadi, uzito na thamani ya kila aina ya kitu, hati ya shehena, na barua ya kuthibitisha kwamba ni msaada na si biashara. Msamaha wa ushuru kwa kawaida huombwa na mpokeaji, na huombwa mapema. Orodha iliyoandikwa "vitu mbalimbali" inamlazimisha ofisa afungue kontena zima. Siku za kukaa bandarini bila malipo zikiisha, tozo huanza kuhesabiwa kila siku, na bili hiyo haiji ofisini kwenu. Inakwenda kwa shirika mlilotaka kulisaidia.

Kisha kuna hesabu ya nauli. Kontena la futi 40 lina ujazo wa takriban mita za ujazo 67. Nguo ndani ya maboksi hulijaza uzito ukiwa bado mdogo, na nyinyi mnakuwa mmelipia kusafirisha hewa. Maji ya chupa ni kinyume chake: yanamaliza uzito unaoruhusiwa kabla ya kumaliza nafasi. Viwango vya Sphere, vinavyofuatwa na mashirika mengi ya misaada, vinaweka angalau lita 15 kwa mtu kwa siku kwa kunywa, kupika na usafi. Watu 1,000 wanahitaji lita 15,000, yaani tani 15, na kesho tani 15 nyingine. Hakuna kampeni ya ofisi inayoweza kuwapatia watu maji ya chupa kwa kasi hiyo. Kinachofanya kazi ni kusafisha maji yaliyopo karibu nao, kuyaweka kwenye matangi na kuyapima, na kazi hiyo inataka fedha, mafundi na vipuri.

Dawa ndizo zinazotutia uchungu kuliko vyote. Baada ya tetemeko la ardhi la Armenia mwaka 1988, zilipelekwa takriban tani 5,000 za dawa na vifaa tiba. Watu 50 walifanya kazi miezi 6 ili ijulikane tu ni nini kilichomo. Asilimia 8 zilikuwa zimepitwa na muda zilipowasili, asilimia 4 ziliharibiwa na baridi, na katika zilizosalia ni asilimia 30 tu zilizotambulika kwa urahisi. Bosnia, kati ya 1992 na katikati ya 1996, inakadiriwa zilirundikana tani 17,000 za dawa zisizofaa. Dawa hizo haziachwi zikaoza. Zinateketezwa kwenye tanuru la joto kali, kwa gharama, katika nchi iliyotoka vitani. Mwaka 1996 Shirika la Afya Duniani likatoa miongozo ya misaada ya dawa: dawa iwe imeombwa, iwe na angalau mwaka mmoja wa uhai inapofika, lebo iwe katika lugha inayosomeka kule, na isiwe dawa iliyokwisha kutolewa kwa mgonjwa kisha ikarudishwa. Kwa hiyo ile dawa ya kikohozi iliyofunguliwa haina pa kwenda. Si kijijini, si kambini, popote.

Kwa nini basi tuliendelea? Tukiri. Boksi linaonekana. Linapigwa picha, linajaa mbele ya macho ya watu, na kila mtu, hata asiye na fedha mwezi huo, anapata cha kutia. Makato ya mshahara hayaonekani na hayana makofi. Tulichagua kilichotupa sisi raha ya kutoa, na waliopungukiwa ni watu ambao hatukuwauliza. Tukiyakumbuka maboksi yale tunasikia aibu hadi leo, na ndiyo maana tunapaza sauti tunapoona yenu.

Je, kuna wakati wa kutuma vitu? Upo: pale mpokeaji anapoandika ombi lenye vipimo. Hapo nunueni vipya, aina moja kwa kila katoni, saizi moja kwa kila katoni. Bandikeni lebo pande mbili na juu: kilichomo, idadi, uzito, tarehe ya mwisho wa matumizi. Katoni isizidi kilo 20 hivi, maana huenda mwisho wa safari hakuna mashine na itabebwa kichwani au begani. Na zile nguo ambazo watu wameshaleta? Ziuzeni papo hapo ofisini, mapato yaende kwa shirika.

3. Fedha. Mtu akitaka kusaidia sana kwa nguvu kidogo, ajaze fomu ya makato ya kila mwezi na asielekeze mchango wake kwa janga moja. Fedha isiyofungwa ndiyo inayolipa ghala, mafunzo na akiba ya mahema kabla tetemeko halijatokea; fedha iliyofungwa kwa janga lililotajwa kwenye habari huja kwa wingi mara moja, kisha habari ikipoa nayo inakauka, na majanga yasiyotajwa hayapati chochote. Uingereza ina mpango wa makato ya hisani kupitia mshahara tangu 1987, na hukatwa kabla ya kodi. Kwingine kodi hukatwa kwanza na nafuu hudaiwa baadaye kwa risiti. Waulizeni watu wa mishahara kabla ya kuwaahidi wenzenu lolote, na fomu ziwafikie kabla hesabu za mwezi hazijafungwa.

Halafu ile nyongeza ya kampuni, inayotia kiasi kilekile juu ya mchango wa mfanyakazi. Kila mwaka wapya hupoteza fedha hapa, tena kwa njia ileile. Bahasha inapitishwa idarani, watu 30 wanatia fedha taslimu, mmoja wenu anakwenda kuweka benki, na risiti inatoka kwa jina lake peke yake. Kanuni ya kampuni inasema nyongeza hutolewa kwa kila mfanyakazi kwa risiti yenye jina lake, na ina kikomo kwa mtu kwa mwaka. Kwa hiyo kampuni inaongeza hadi kikomo cha mtu mmoja, na nyongeza ya wengine 29 imekwenda na maji. Kila mtu atume mwenyewe, apate risiti yake, aiwasilishe kabla ya tarehe ya mwisho. Ni kazi ya dakika chache kwa mtu.

Jina la akaunti liwe la shirika lililosajiliwa, kamwe lisiwe la mtu binafsi, hata awe mwema vipi. Tangazeni kiasi kilicholipwa, msitangaze ahadi. Na msimamizi asiwapitishie daftari walio chini yake: mtu anayetoa kwa kumwogopa bosi ametozwa. Orodha ya majina na kiasi isibandikwe ukutani wala isitumwe kwenye kundi la ujumbe.

4. Siku ya kujitolea. Watu 60 wenye fulana mpya wakishuka kwenye kituo chenye kazi ya watu 10, wale 50 wanatafutiwa kazi. Ukuta uliopakwa rangi mwezi jana unapakwa tena. Wenyeji wamesimamisha shughuli zao kuwaelekeza, wametafuta brashi, glavu, maji na vyoo, na kesho yake wanaanza kufidia siku iliyopotea. Nendeni kikundi cha watu 8 hadi 10 chenye kiongozi mmoja, na kikundi hichohicho kirudi palepale mara nyingi, maana mtu wa mara ya nne haelekezwi tena. Toeni na fungu la kugharamia siku hiyo, na kabla ya kuondoka muwe na jibu la maandishi: akiumia mtu, bima ya nani inalipa?

Ziara za siku moja kwenye makao ya watoto, hapana. Tunajua ndizo zinazoombwa kuliko zote. Mtoto aliyekwisha kuachwa anamzoea mgeni asubuhi na kuachwa tena jioni, na wiki ijayo anakuja mgeni mwingine. Anayetaka kufanya kazi na watoto akubali kuchunguzwa rekodi yake, apate mafunzo, na ajifunge kwa muda mrefu.

Na penye janga lenyewe asiende asiyefunzwa wala kuitwa, kwa sababu naye atahitaji maji, chakula na pa kulala.

5. Ujuzi wa kazini ndio mchango ambao mashirika hukosa fedha za kuununua: mhasibu, mwanasheria, mtu wa ugavi, mtu wa mitambo. Andikeni ukurasa mmoja kabla ya kuanza: tatizo, kitakachokabidhiwa, tarehe ya mwisho, na nani ndani ya shirika atakayekiendesha nyinyi mkiondoka. Pasipo jina hilo la mwisho msianze. Mfumo mzuri uliosajiliwa kwa barua pepe binafsi ya mtu wa kujitolea hufa siku anapohama kazi, nywila akiwa nayo yeye. Orodha ya majina ya waliohama makwao isikae kwenye kompyuta zenu hata usiku mmoja; ikivuja, wale waliowakimbia wanaweza kuwapata na kuwaua.

6. Damu. Chembe sahani, zile zinazogandisha damu, hukaa siku 5 hivi na chembe nyekundu hadi siku 42. Ofisi nzima ikichangia Jumanne moja kwa sababu ya habari za Jumatatu, sehemu ya damu hiyo inaweza kumwagwa, kisha wachangiaji wote wanasubiri wiki kadhaa kabla ya kuruhusiwa tena, na benki ya damu inabaki tupu wakati huohuo. Pangeni zamu kwa mwaka mzima pamoja na benki ya damu. Mtu ale na anywe maji kabla, na akimaliza kutoa ile chupa ya takriban mililita 450 akae kidogo asiharakie ngazi. Mwenzenu akirudi mezani bila plasta mkononi, msimuulize. Huenda wingi wake wa damu ulikuwa chini, huenda ni dawa anazotumia, na si haki yenu kujua.

7. Picha. Ombeni ruhusa kwa lugha anayoielewa mtu, na aweze kukataa huku bado akipata msaada. Kanuni za Maadili za mwaka 1994 za Harakati ya Msalaba Mwekundu na mashirika yasiyo ya kiserikali zinataka walioathirika waonyeshwe kama binadamu wenye heshima yao, wasiwe vitu vya kukatiwa tamaa. Mwanamke aliyepanga foleni ya unga hakuja pale kushika bango la kampuni yenu.

8. Miezi mitatu baadaye tumeni barua pepe ya pili, ambayo karibu kila kamati huisahau: kilichokusanywa, kilicholipwa, kilichofanyika, na kilichokwama. Shirika likisema mpango umebadilika, andikeni hivyo hivyo. Watu wazima wanaelewa. Angalieni pia wanaoacha kazi. Makato yao hukoma na mshahara wa mwisho, wengi bila hata wao kugundua, kwa hiyo siku wanaporudisha kitambulisho wapeni na fomu ya kuendelea kupitia benki.