Tapeti nimezirekebisha mara mbili, mlio bado upo

SWALI: Shikamoo fundi. Marehemu baba ameniachia Morris Minor 1000 ya mwaka 1965, yenye injini ya cc 1098. Inawaka kwa mkupuo mmoja na nguvu inayo, ila huko juu inapiga tak-tak-tak bila kukoma. Tapeti, yaani ile nafasi kati ya valvu na roka (mkono mdogo unaoisukuma), nimezirekebisha mara mbili kwa fila geji, kile kibapa chembamba cha kupimia nafasi, 0.30 mm, injini ikiwa ya baridi kama kitabu kinavyotaka. Mlio haukupungua hata kidogo. Fundi mmoja kaniambia nitie oili nzito. Mwingine anasema injini imekwisha, niiuze kwa kilo. Nimsikilize nani?
– Mrithi wa Morris

JIBU: Marahaba, mwanangu. Wote wawili waache kwanza. Oili nzito huziba mdomo wa injini kwa muda tu, na hilo la kuuza kwa kilo sitaki hata kulijadili.

Kwanza tuhakikishe kwamba mlio ni wa valvu kweli. Kemshafti, ile shafti inayoendesha valvu, huzunguka nusu ya mwendo wa krankshafti, shafti kuu ya injini, kwa hiyo injini ikienda mizunguko 800 kwa dakika, valvu moja hugonga mara 400 tu. Huo ni mlio mwepesi, wa polepole kuliko injini yenyewe. Chomoa waya wa plagi moja moja kwa koleo yenye mpini wa mpira: ukichomoa wa silinda fulani na mlio ukafifia, shuku konrodi (mkono unaoshika pistoni) au pini ya pistoni ya silinda hiyo. Mlio wa tapeti haujali plagi. Kagua pia gasketi ya manifoldi ya ekzosti, pale bomba la moshi linapoungana na injini. Ikivuja hutoa mlio unaofanana sana na wa tapeti, hasa asubuhi. Mimi mwenyewe niliwahi kushinda siku nzima kwenye roka za watu, kumbe moshi ulikuwa unatokea pembeni.

Ukisharidhika, fungua kifuniko cha roka, uwashe injini iende taratibu, kisha penyeza fila geji kati ya roka na ncha ya valvu, moja baada ya nyingine. Oili itakurukia, vaa nguo za kazi. Ukifika kwenye yenye kosa, mlio utakatika au utabadilika pale pale.

Sasa kiini cha barua yako. Umepima 0.30 mm mara mbili, na mimi nakuamini. Nisiyemwamini ni fila geji. Ule uso wa roka unaokanyaga valvu umekuwa ukikanyaga mahali pamoja kwa miongo, hadi umechimbika kibonde chenye upana wa ncha ya valvu. Fila geji ni bapa lililonyooka. Haliingii bondeni, linalala juu ya kingo kama ubao juu ya mtaro. Wewe unapima nafasi inayoishia kwenye kingo, ncha ya valvu yenyewe inaingia mpaka chini ya mtaro. Kibonde kikiwa na kina cha 0.20 mm, nafasi yako halisi ni 0.50. Hata urekebishe mara kumi, itagonga.

Shika kila roka iliyolegea uitikise juu na chini pia. Ikicheza kwenye shafti, basi na shafti imelika, na italika upande wa chini ambako macho hayafiki.

Kabla hujafungua shafti ya roka, nisikilize vizuri: zile nati nne kubwa zinazopita kwenye vishikio vyake ndizo pia zinazobana silinda hedi. Mwaga maji ya rejeta, kisha legeza nati zote za hedi kidogo kidogo kwa mpangilio wa kitabu. Ukifungua hizo nne peke yake, hedi inaweza kupinda, au maji yakapenya kwenye gasketi. Shafti ikishatoka, pitisha ukucha wa kidole gumba kwenye uso wa kila roka. Ukucha ukikwama, umepata jibu. Safisha na vitundu vya oili, vikiwa na tope roka hukauka.

Kibonde chepesi fundi wa mashine anaweza kukisaga akaurudisha mviringo wake, lakini ule ugumu wa juu ni tabaka jembamba. Kikiwa kirefu nunua roka mpya, na shafti mpya pamoja nazo.

Ukirudisha, tumia hesabu ya tisa, yaani namba za valvu mbili zijumlishe tisa: valvu ya 8 ikiwa imezama (imefunguka) kabisa, rekebisha ya 1, ya 6 ikizama, rekebisha ya 3, na kuendelea hivyo. Na tafadhali usikaze hadi kimya kitimie. Valvu ya ekzosti hupoa inapokalia kiti chake. Ukiinyima nafasi haikai sawasawa, inaungua bila kulalamika. Morris yenye afya lazima inong'one kidogo.

Ukishafungua, niandikie ni roka ngapi kati ya nane zina kibonde. Mimi nakisia hazitapungua sita.