Foleni usiyoiona: kwa wewe unayehamia Uswidi

Karatasi ile niliikuta imebandikwa juu ya mashine ya kufulia, ile ya wapangaji wote wa jengo letu, wanaoitumia kwa zamu za kujiandikisha kwenye daftari, herufi kubwa, alama tatu za mshangao. Nguo zetu, bado zinachuruzika maji, zilikuwa zimetolewa na kurundikwa kwenye beseni. Ilikuwa wiki yangu ya tatu Umeå, kaskazini mwa Uswidi, na Kiswidi nilichojua ni kusema asante. Lakini hasira haihitaji kamusi. Nilipoipiga picha na kuitafsiri kwa simu, ilisema: Zamu hii ni yangu. Heshimu daftari!!!

Nikapanda ngazi nimefura. Nikamwambia mke wangu, ndiyo haya tuliyokuwa tunaambiwa, watu hawa wanatubagua. Yeye akaniuliza swali moja tu: ulijiandikisha saa ngapi? Saba mpaka kumi. Na ulishuka saa ngapi? Saa saba. Akanitazama mpaka nikaelewa mwenyewe. Saba ya Waswidi ni saa moja asubuhi. Mtu mzima, baba wa watoto wawili, nilikuwa nimesoma saa za Tanga kwenye daftari la Umeå, nikaingilia zamu ya mwenzangu mchana kweupe.

Nimeanza na kisa hicho kwa sababu kila ninapopigiwa simu na mtu anayejiandaa kuja huku, swali la kwanza ni baridi. Baridi utaizoea, tena dawa yake inauzwa dukani. Kitakachokutesa ni zamu. Kwetu foleni unaiona: unafika zahanati, unauliza nani wa mwisho, unakaa nyuma yake. Huku foleni nyingi hazina watu. Ziko ndani ya kompyuta, na unaweza kukaa nyumbani kwako mwaka mzima ukiamini unasubiri, kumbe hata jina lako halimo.

Ya kwanza inaanzia ofisi ya kodi. Ndiyo, kodi. Kwetu mtu akiiona TRA, mamlaka yetu ya mapato, anavuka barabara, lakini huku Skatteverket, mamlaka yao ya kodi, ndiyo inayosajili wakazi, watoto wanaozaliwa, majina na anwani. Ukiwa na kibali cha kukaa mwaka mmoja au zaidi, unakwenda kujisajili pale na baadaye unapewa personnummer: tarehe yako ya kuzaliwa na tarakimu nne nyuma yake. Bila namba hiyo wewe ni mgeni wa hotelini. Ukiipata unaomba kitambulisho, kitambulisho kinakufungulia akaunti ya benki, na benki inakupa BankID, sahihi ya kwenye simu inayotumika kwa kila kitu, kuanzia kuingia kwenye ukurasa wa shule ya mtoto hadi kuomba kubadilishiwa siku ya daktari. Kila mlango unasubiri ule wa kabla yake. Sisi tulifika Agosti, na mimi BankID niliipata Novemba, kwa sababu niliwaza "tupumzike kwanza, tutakwenda wiki ijayo." Wewe nenda wiki ya kwanza, na vyeti halisi mkononi: pasipoti, kibali, cheti cha ndoa, vyeti vya kuzaliwa vya watoto. Pitieni RITA, wakala wa usajili wa vizazi na vifo, kabla ya kupanda ndege. Kufuatilia cheti Dar es Salaam ukiwa Umeå ni kazi ya kuchosha moyo.

Na ukishakuwa na BankID watakuonyesha Swish, ya kutumiana pesa kwa simu, kwa fahari kubwa. Ilianza 2012. Kuwa na adabu, usiwaambie M-Pesa ilianza Kenya 2007. Mimi niliwaambia.

Turudi kwenye kufulia. Wiki iliyofuata nilishuka saa moja asubuhi kamili, na yule mama wa ghorofa ya pili, mwenye ile karatasi, akaingia kuchukua shuka alizozisahau. Nikajikaza, nikamwomba radhi kwa Kiingereza na kumweleza habari ya saa zetu, kwamba sisi siku inaanza jua likichomoza. Alicheka mpaka akashika ukuta. Kisha akanifundisha sheria ambazo hazikuandikwa popote: ukimaliza unasafisha chujio la nyuzi kwenye mashine ya kukaushia, unafagia, unafunga mlango, na dakika zako zikiisha, zimeisha. Mwalimu wangu wa Kiswidi naye aliniambia amebandikiwa karatasi za namna ile tangu yuko chuo, na yeye ni Mswidi wa kuzaliwa. Sisemi ubaguzi haupo. Upo, na nimekutana nao mara mbili tatu bila karatasi yoyote. Ila nakusihi usiuhesabu kabla hujauliza saa.

Mama yule ndiye aliyeniuliza swali lililoniokoa: mmeshajiandikisha foleni ya nyumba? Nikamjibu nyumba tunayo. Akatikisa kichwa. Tuliyokuwa nayo tulipangishwa na mpangaji mwenzetu aliyekwenda masomoni, na siku akirudi, tunatoka. Mkataba wa kwako mwenyewe, ule usiokuwa na mwisho, unapatikana kwa foleni, na siku zako zinahesabiwa tangu ulipojiandikisha, si tangu ulipopata shida. Stockholm si ajabu kusikia watu wamesubiri miaka tisa, kumi. Huku kwetu ni pungufu, lakini hakuna anayekuhesabia siku kwa hisani. Nilijiandikisha jioni ileile, nikiwa na jaba la nguo magotini.

Chekechea nayo usiichelewe. Manispaa inatakiwa kumpatia mtoto nafasi ndani ya miezi minne tangu uombe, na tangu uombe maana yake hasa ni hiyo: ukisubiri mpaka upate kazi ndipo uombe, utaianza kazi ukiwa na mtoto mgongoni.

Kuna na saa nyingine, hiyo inakwenda kinyumenyume. Leseni ya udereva ya Tanzania utaendeshea mwaka mmoja tu tangu usajiliwe kuwa mkazi. Baada ya hapo unaanza upya, mtihani wa nadharia, mtihani wa barabarani, na mafunzo ya lazima ya hatari, pamoja na siku ya kuteleza na gari kwenye uwanja uliotengenezwa uteleze. Nilikuwa nimeendesha Hiace miaka sita kati ya Tanga na Korogwe, nikajiona fundi. Nilifeli nadharia mara mbili. Kinachonifariji ni kwamba Waswidi wenyewe walikuwa wakiendesha kushoto kama sisi hadi Septemba 3, 1967, siku nchi nzima ilipohamia kulia. Nao walilazimika kujifunza upya.

Sasa baridi, kwa ufupi. Sufu ndiyo inayovaliwa kwenye ngozi, pamba hapana, kwa sababu pamba ikilowa jasho inakugandisha. Viatu vikubwa kidogo ili soksi mbili zienee. Nunua vyuma vidogo vyenye meno vya kuvalisha viatu, maana barafu ya Machi imevunja watu nyonga. Na koti zito usinunue jipya: mitumba huku ipo, tena safi, na hakuna atakayekuuliza umeitoa wapi. Huku mitumba ni heshima.

Giza ndilo jambo zito. Mwishoni mwa Desemba jua la Umeå linatoka baada ya saa tatu asubuhi, na kabla ya saa nane mchana limeshazama. Lakini mwezi uliokaribia kunivunja ulikuwa Novemba, theluji haijashika, ardhi nyeusi, mbingu nyeusi. Nilikuwa nalala saa kumi na mbili jioni kama kuku. Nikawa mkali kwa watoto bila sababu. Nilidhani ni kukosa kazi, mke wangu akadhani nimemchoka. Muuguzi wa kituo cha afya ndiye aliyeniuliza: unatoka nje saa ngapi? Sikuwa natoka. Akaniagiza nitoke kila siku saa sita mchana, hata dakika ishirini, mawingu yawepo yasiwepo, na akanieleza kuwa miezi ya baridi jua la huku halina nguvu ya kuupatia mwili vitamini D, na ngozi nyeusi inahitaji jua zaidi kuitengeneza, kwa hiyo tumeze vidonge. Tunameza, nyumba nzima. Usione haya kulisema hili kituoni. Sisi wanaume tunalificha, tunaliita uchovu. Kama hujui pa kuanzia, piga 1177, ni namba ya ushauri wa afya, muuguzi anapokea usiku na mchana. Mara nyingi atakwambia umeze panadol upumzike, na utakasirika, na kesho yake utakuwa umepona.

Juni kila kitu kinapinduka. Usiku wa manane unasoma gazeti nje bila taa, na watu waliokupita miezi minane bila salamu wanakupungia mkono.

Hao watu sasa. Baba yangu alisoma Kibaha, kwenye kituo kilichotokana na makubaliano ya 1963 kati ya Tanganyika na nchi za Nordiki, yaani Uswidi na majirani zake, na nilipoaga aliniambia: walimu wangu wale walikuwa wapole, lakini usiwagongee mlango bila taarifa. Nililipuuza. Nikamgongea jirani wa mkabala Jumapili moja, sahani ya maandazi mkononi, jinsi tunavyofanya. Akafungua mlango kiasi cha pua, akapokea, akashukuru, akafunga. Siku tatu baadaye sahani yangu ilikuwa imening'inizwa kwenye kitasa, imeoshwa, ndani ina mtungi wa jamu ya beri na kikaratasi: mnaweza kuja Jumamosi ya tarehe 14, saa tisa hadi saa kumi na moja? Ilikuwa wiki tatu mbele! Mke wangu alisema hii ni harusi au chai. Ilikuwa chai, au kahawa, ile wanayoiita fika. Nilipoalikwa kazini mara ya kwanza, "tufanye fika", nilijiuliza tunafika wapi. Usiikose. Hapo ndipo utakapojua nani anaacha kazi, nafasi ipi inatangazwa, na kwamba bosi wako anaogopa mbwa.

Kazi yenyewe niliyoanzia ni ya kuwahudumia wazee majumbani mwao. Inahitaji Kiswidi, na Kiswidi kinafundishwa bure na manispaa, kozi ya SFI, hatua A mpaka D. Jisajili ukishapata namba. Kitabu hakitakufundisha kila kitu, hata hivyo. Siku ya kwanza nilimuuliza bibi mmoja kama anataka uji, naye akavuta pumzi kwa ghafla, "shup!", midomo imebanwa. Nilidhani pumu imembana. Nikakimbilia simu. Kumbe ndivyo wanavyosema "ndiyo" huku kaskazini, kwa kuvuta hewa ndani. Siku hizi na mimi ninafanya, na nikipiga simu nyumbani mama ananiuliza kama naumwa.

Wenye watoto, nisikilizeni kidogo. Fimbo iacheni uwanja wa ndege. Uswidi ilipiga marufuku kuwachapa watoto 1979, ya kwanza duniani, na marufuku hiyo haichagui mzazi katoka wapi. Mwalimu akiwa na wasiwasi kuhusu mtoto analazimika kutoa taarifa ustawi wa jamii. Hilo halimaanishi watakuja kuwabeba kesho, ingawa ndivyo mtakavyotishwa kwenye magrupu ya WhatsApp. Mara nyingi kinachofuata ni kuitwa mkae, muulizwe. Nilimkemea binti yangu kwa sauti kubwa getini siku moja, mwalimu akaniomba tuzungumze. Nikaenda nimejiandaa kwa vita, tukazungumza robo saa, nikatoka na mbinu mbili za kumlaza mapema ambazo zinafanya kazi mpaka leo.

Na lugha. Mtoto anayezungumza Kiswahili nyumbani anaweza kufundishwa Kiswahili shuleni, kwa gharama ya umma. Masharti ni mzazi aombe, watoto wanaokihitaji katika manispaa wafike angalau watano, na mwalimu afaaye apatikane. Mwalimu alikuwepo. Watoto tuliowajua walikuwa wanne, wawili wangu, wawili wa Mkenya mmoja. Wa tano nilimpata darasani kwangu SFI. Nilikuwa najisemea peke yangu, nalalamikia sarufi, mama mmoja aliyekuwa kakaa nyuma akaniinamia: "Papa, uko mutu wa Tanzania?" Ni wa Uvira, mashariki mwa Kongo, alipitia kambini Burundi, na nyumbani ana watoto watatu. Sikuamini. Miezi sita tulikuwa tumekaa chumba kimoja tukihangaika kuelewana kwa Kiswidi kibovu.

Darasa lao linakutana Alhamisi baada ya masomo. Mwalimu anajitahidi na ngeli zake, lakini watoto wanafundishana wenyewe kwa wenyewe. Juzi binti yangu aliniletea glovu nilizosahau garini, akanipapasa bega, akasema, "Baba, weye uko mutu muzuri." Nikafungua mdomo nimsahihishe. Nikaufunga.