Askofu aliyekataa kukombolewa ni mfiadini?

SWALI: Tumsifu Yesu Kristo, Padre. Kwenye kalenda ya watakatifu, tarehe 19 Aprili, nimekuta jina la Alphege, askofu mkuu wa Canterbury huko Uingereza, ameandikwa mfiadini. Nilipofuatilia habari zake nikaona Wadenmarki walimuua kwa ajili ya fedha, wala hawakumtaka aikane imani. Anaitwaje mfiadini? Na ndugu wakilipa fidia ili mtu wao aachiliwe, je, wanatenda dhambi?

JIBU: Milele amina, mwanangu. Hujakosea kuuliza. Lanfranc, aliyekalia kiti kilekile cha Canterbury miaka sitini hivi baadaye, alisumbuliwa na jambo hilohilo.

Kwanza tumfahamu mtu mwenyewe. Kwa lugha yake aliitwa Ælfheah. Waviking, yaani wavamizi wa baharini kutoka kaskazini kama hao Wadenmarki, hawakuwa wageni kwake. Mwaka 994, akiwa askofu wa Winchester, ndiye aliyempa Kipaimara Olaf Tryggvason, mkuu wao mmojawapo, Mfalme Æthelred wa Uingereza akiwa msimamizi. Olaf akaahidi kutorudi Uingereza kwa vita, na ahadi akaitimiza. Lakini wengine waliendelea kuja, na kila walipokuja walilipwa ili waondoke: paundi 10,000 mwaka 991, 16,000 mwaka 994, 24,000 mwaka 1002. Fedha hizo zilitoka jashoni mwa wananchi, na anayebanwa mwisho kabisa siku zote ni mkulima.

Septemba 1011 Canterbury ikatekwa, na askofu mkuu akachukuliwa mateka. Walimshikilia miezi saba. Fidia ilipodaiwa alikataa kutoa, tena akakataza mtu yeyote asitoe chochote kwa ajili yake. Walioandika maisha yake wanasema hakutaka watu wake wafilisiwe ili yeye apone.

Jumamosi ile, juma moja tu baada ya Pasaka ya 1012, walimburuta mpaka kwenye mkutano wao huko Greenwich. Walikuwa wamekula wakashiba, wamelewa divai. Wakaanza kumrushia masalia ya karamu yao, mifupa na vichwa vya ng'ombe, mpaka mmoja wao akampiga kichwani kwa upande butu wa shoka. Inasimuliwa kwamba Thorkell, kiongozi wao, aliwasihi wamwache, akaahidi kuwapa vyote alivyonavyo isipokuwa merikebu yake. Hawakumsikiliza. Mwaka uleule Thorkell alihamia upande wa Mfalme Æthelred na merikebu 45, na mimi sioni ajabu.

Sasa tuje kwenye shaka yako. Neno letu "mfiadini" lina ugumu wake, kwa maana linatufanya tutafute dini tu. Neno la Kigiriki lililo nyuma yake maana yake ni shahidi, mtu anayethibitisha ukweli, hata kwa damu yake. Mnamo mwaka 1079 Lanfranc alimweleza shaka yake Anselm, abate aliyekuja baadaye kuwa askofu mkuu wa Canterbury, naye Anselm akamjibu hivi: asiyekubali kumkosea Mungu hata katika lililo dogo, afadhali afe, hawezi kumkana katika lililo kubwa. Halafu akamkumbusha Yohane Mbatizaji. Nani alimwambia Yohane amkane Kristo? Alimwambia Herode ukweli juu ya mke wa ndugu yake, akakatwa kichwa. Kristo ni kweli na ni haki, basi anayekufa kwa ajili ya haki amekufa kwa ajili ya Kristo. Lanfranc aliridhika, na Ælfheah akaendelea kuheshimiwa kama shahidi.

Sisi wa Afrika Mashariki tusione hili kuwa jambo la mbali. Askofu Mkuu Janani Luwum wa Uganda aliuawa Februari 1977, baada ya maaskofu kumwandikia Idi Amin barua ya kupinga mauaji ya watu. Hakuambiwa aikane imani, na ndugu zetu Waanglikana wanamkumbuka kama shahidi.

Kuhusu fidia, kulipa si dhambi. Kuwakomboa wafungwa ni tendo la huruma, na Mtakatifu Ambrose wa Milano aliyeyusha vyombo vitakatifu vya kanisa lake ili mateka warudi makwao. Dhambi ni ya mtekaji. Basi wanaochanga na kuuza walivyonavyo ili ndugu yao arudi nyumbani, wachange kwa amani ya moyo. Ælfheah hakuwakataza hao. Alizuia fidia ya uhai wake mwenyewe tu.